Fedha Zifike Ilipo Kazi: Hotuba kwa Waganga Wafawidhi na Kamati za Vituo

(Maneno haya yalisemwa mbele ya waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, makatibu wa afya na wenyeviti wa kamati za usimamizi wa vituo. Salamu za mwanzo zimefupishwa.)

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi, makatibu wa afya, wafamasia wa halmashauri, na ninyi wenyeviti wa kamati ambao wengi wenu mmeacha mashamba na biashara ili muwe nasi leo: itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye hoja.

Nimeombwa niseme juu ya uendeshaji na sera ya huduma za afya kwa wakati huu, matatizo yake na mambo mapya yanayojaribiwa. Ningeweza kuzungumza mpaka jioni juu ya mashine za CT-scan zilizofungwa katika hospitali za rufaa za mikoa, au juu ya upasuaji wa moyo ambao zamani ulimlazimu mgonjwa kupelekwa India na sasa unafanyika Muhimbili, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni mambo ya kujivunia. Lakini leo nataka tushuke mpaka zahanati, kwa sababu hapo ndipo Mtanzania wa kijijini anapokutana na sera ya afya kwa mara ya kwanza. Akikosa msaada hapo, anaishia dukani kununua vidonge kwa kubahatisha.

Hoja yangu ni moja. Fedha, pamoja na mamlaka ya kuzitumia, zikifika pale kazi inapofanyika, huduma inabadilika. Zikikwama juu, hakuna sheria wala mfumo wa kompyuta utakaoziba pengo hilo.

Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wakati muswada ule unajadiliwa, takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote. Maana yake ni kwamba katika kila watu saba, karibu sita walikuwa wakiugua wanaingiza mkono mfukoni, na mfuko ukiwa mtupu wanauza mbuzi, wanauza mahindi ya chakula, au wanabaki nyumbani. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama akienda na kadi yake zahanati, akaambiwa dawa hakuna, kanunue nje, basi siku hiyo kadi yake haina thamani kwake. Atakwenda nyumbani awaambie jirani zake, na jirani zake hawatajiunga. Hakuna tangazo la redio litakalofuta maneno ya mama huyo.

Hili tumeliona tayari. Serikali ilianza kuchangisha wananchi gharama za matibabu mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya hiari ya kaya, ukajaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Tuliambiwa kaya zitajiunga kwa wingi kwa sababu mchango ni mdogo. Hazikujiunga kwa wingi. Baadaye tukauboresha: kaya ya watu sita, shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa. Gawanyeni wenyewe. Ni shilingi 5,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, fedha ambayo mtoto mmoja mwenye malaria, kikohozi na kuhara katika msimu mmoja wa mvua anaweza kuimaliza. Mchango ulikuwa mdogo mno kujaza kabati la dawa. Kabati likiwa tupu waliojiunga hawahuishi kadi, na wanaobaki ni wale ambao tayari ni wagonjwa. Mfuko unazidi kupungukiwa. Mzunguko huo hauvunjwi kwa kuwalaumu wananchi kwamba hawana elimu ya bima. Wengi wana elimu ya kutosha: wamehesabu wanachotoa na wanachopata.

Mfuko mkubwa, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), nao umeonja tatizo hilohilo. Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, ililipiwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi wengi walimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua. Mwaka 2023 Mfuko ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja. Mzazi aliyefanya hivyo simlaumu, hata mimi ningefanya. Ila bima inasimama pale tu wazima wanapochangia pamoja na wagonjwa, na mtu mzima haendi kuchangia huduma ambayo haiamini.

Kwa hiyo turudi kwenye kabati la dawa, na kwenye swali la nani mwenye ufunguo wa fedha.

Wengi wenu vijana hamkuwahi kuuona utaratibu wa zamani. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile wanazochangia wahisani pamoja na Serikali, zilitoka Hazina zikaingia akaunti ya halmashauri. Ofisi ya mganga mkuu ndiyo iliyopanga, ikanunua, ikasambaza. Mfawidhi wa zahanati iliyo kilomita 80 kutoka makao makuu aliletewa ndoo, mifagio na boksi la glavu, akatia saini kwamba amepokea. Kiasi kilichotengwa kwa ajili ya kituo chake hakukijua. Bati likivuja juu ya chumba cha kujifungulia aliandika barua, na barua ilikaa. Kiongozi wa kituo alikuwa ombaomba katika nyumba anayoiongoza.

Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu huo ulibadilishwa. Fedha zikaanza kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya kituo, zahanati kwa zahanati. Kila kituo kikatakiwa kuwa na mpango na bajeti yake, na kamati ya usimamizi, ambayo wananchi wana wajumbe wao ndani yake, ikatakiwa kuupitisha mpango huo na kuidhinisha matumizi. Kwangu mimi hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika uendeshaji wa afya ya msingi nchini kwa miaka ya karibuni, ingawa halikukatwa utepe mahali popote.

Nilikuwa kazini kipindi hicho na nilisikia hofu nyingi. Manesi hawajui hesabu, walisema. Wanakamati hawajasoma, fedha zitaliwa. Ziko zilizoliwa, sitaficha, kama zilivyoliwa pia zilipokuwa kwenye ofisi zenye wahasibu wenye shahada. Lakini nimeona pia muuguzi ambaye hakuwahi kushika fungu lolote akinunua tanki la maji kwa zahanati yake kabla robo ya kwanza haijaisha, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akichota ndoo usiku mama anapojifungua. Anayeteseka na upungufu ndiye anayejua kipi kianze.

Kwenye kamati ndipo tulipolegea. Tuliwapa wenyeviti mamlaka kwenye karatasi bila kuwapa uwezo wa kuyatumia. Kikao kinaitwa siku mfawidhi anapohitaji saini. Muhtasari umekwisha kuandikwa. Takwimu zinasomwa haraka kwa lugha ya vifungu na bakaa, mwenyekiti anaona aibu kuuliza, anatia saini, anapewa nauli, anaondoka. Waganga wafawidhi, mnajua ninasema nini. Sisemi kwamba mna nia mbaya. Mna foleni ya wagonjwa nje na ripoti ya kupeleka kesho. Lakini kamati inayotia saini bila kuelewa haikulindi siku ukaguzi unapokuja, na haimlindi mgonjwa siku yoyote.

Sasa dawa zenyewe. Kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa, ghala la Serikali. Bohari inapokosa, zamani kila zahanati ilihangaika peke yake, inatafuta ankara kifani, yaani hati za bei, za maduka, inanunua kidogokidogo kwa bei ya rejareja, na ubora wa dawa unategemea uaminifu wa muuzaji. Mwaka 2014 Mkoa wa Dodoma ulianza kufanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida. Vituo vyote vya umma vya mkoa vikaunganisha mahitaji yao, zabuni ikatangazwa, akapatikana mshitiri mmoja, yaani msambazaji binafsi wa dawa, bei zikakubaliwa kabla, na kila kituo kikawa kinaagiza kwake, kupitia kwa mfamasia wa halmashauri, kile tu ambacho Bohari imekosa. Wakauita Jazia. Kufika 2018 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu haukuhitaji chombo chochote kutoka nje ya nchi. Ulihitaji watu wakubaliane kununua pamoja na kuandika bei kwenye karatasi ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Unapolegea, sababu zake zinajulikana pia: mshitiri hajalipwa, akapunguza mzigo, au kituo kimechelewa kuagiza mpaka kabati limekauka, au leja haijazwi, kwa hiyo hakuna anayejua matumizi halisi ya mwezi. Dawa inayokosekana mwezi huu, mara nyingi ni hesabu iliyokosewa robo iliyopita.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la misamaha, kwa sababu hapa ndipo sera yetu inapojikanyaga, na wanaoumia hawana wa kuwasemea. Sera inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Ni sera ya haki. Lakini bure kwa mgonjwa haina maana ya bure kwa kituo. Mama akijifungua salama ametumia glavu, uzi, dawa ya kuzuia kutokwa damu nyingi, maji, umeme, na usiku mzima wa muuguzi. Dawa hiyo ya sindano, oksitosini, inatakiwa ikae kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo kuna jokofu na kuna umeme au gesi ya jokofu hilo. Akipata kifafa cha mimba kuna magnesiamu salfeti. Nani amelipa? Mgao wa dawa wa Serikali ukifika kwa wakati na kwa kiasi kinachotosha, umelipa. Usipofika, mfawidhi anachukua fedha wanazolipa wagonjwa papo kwa papo na za bima kufidia. Katika kijiji ambacho wagonjwa wengi ni watoto na wajawazito, fedha hizo za kufidia hazipo. Ndipo mama anapoambiwa aje na glavu zake, na magazeti yanaandika kwamba zahanati inawatoza wajawazito. Muuguzi anasimamishwa kazi. Chanzo cha kosa kiko kwenye bajeti ambayo yeye hakuiandika.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba msamaha usio na fungu lake usiandikwe. Tukisema kundi fulani litibiwe bure, mstari unaofuata utaje nani analipa kituo, lini, na kwa kiwango gani. Sheria mpya ya bima inatupa nafasi ya kulirekebisha hili, kwa sababu imeweka wajibu wa kugharamia wasio na uwezo na vyanzo vya fedha za kazi hiyo. Nafasi hiyo itapotea endapo mtu maskini atapewa kadi na kituo kisilipwe kwa kumtibu.

Nitaje jambo moja linalonipa furaha. Utafiti wa kitaifa wa kaya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Makadirio ya tafiti za kaya yana upana wake, na ninyi watu wa takwimu mtanikumbusha hivyo, sawa. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi. Kati ya miaka hiyo vituo vya afya zaidi ya 300 viliongezewa vyumba vya upasuaji, vingi vikijengwa kwa fosi akaunti, yaani kamati na mafundi wa palepale, na mama wengi wakapata upasuaji bila kusafirishwa hadi wilayani.

Halafu ukaja usafiri wa dharura wa akina mama, unaoitwa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano na Vodafone Foundation, na kuanzia 2022 ukapelekwa nchi nzima. Anayehitaji msaada anapiga 115 bila malipo. Kituo cha kupokea simu kinapima hali ya mama, kinatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au bovu, kinampigia dereva wa kijijini aliyeandikishwa, mwenye gari la kawaida, nauli imekwisha kukubaliwa. Dereva akimfikisha mama, analipwa kwa simu palepale. Hapo ndipo pana siri yote. Magari yalikuwepo vijijini miaka yote na madereva walikuwepo. Kilichokosekana ni uhakika wa malipo saa nane za usiku. Fedha zilipofika ilipo kazi, kazi ikafanyika.

Mimi ninatofautiana kidogo na wale wanaodhani uvumbuzi lazima uwe na mabawa. Rwanda walianza kupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani mwaka 2016 kutoka Muhanga, na kwa nchi ya milima kama ile ni kazi ya maana sana. Lakini kwetu ningeanza na uvumbuzi wa malipo na uwazi, kisha ndege zije.

Kuhusu kompyuta nitasema kwa ufupi, ingawa najua wengi mnataka nilie nanyi. Muuguzi aliye peke yake kwenye zahanati anajaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma, kwa mkono, kisha anaingiza taarifa kwenye mfumo wa wagonjwa, kisha matumizi kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za kituo, kisha ombi la dawa kwenye mfumo mwingine, kisha madai ya bima kwenye wa kwake. Mgonjwa yuleyule mmoja. Mtandao ukikatika anasubiri namba ya malipo huku mtu amesimama dirishani na fedha mkononi. Mfumo unaomwongezea saa za kuandika na kumpunguzia saa za kumgusa mgonjwa haujamsaidia. Mifumo ikizungumza yenyewe kwa yenyewe, taarifa ikaingizwa mara moja tu na kitabu cha karatasi kikaondolewa, hapo tutakuwa tumevumbua.

Tuangalie pia jirani zetu Kenya, kwa heshima, kwa sababu wamepita mbele yetu kwenye njia hii. Baada ya ugatuzi wa 2013, fedha walizokusanya hospitali nyingi za kaunti zilikwenda kwanza kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, na daktari msimamizi akawa anaomba kurudishiwa fedha za hospitali yake mwenyewe ili anunue oksijeni. Oktoba 2023 wakatunga sheria ya kuziacha fedha hizo kituoni. Mwezi huohuo wakatunga sheria ya bima mpya, na Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF yao, mwenye mshahara akikatwa asilimia 2.75. Walichofanya vizuri ni kutenga mfuko wa afya ya msingi unaotoka kwenye kodi, ili mtu asidaiwe mchango kabla ya kutibiwa zahanati. Kilichowatesa ni madeni yaliyorithiwa na malipo kuchelewa, hadi hospitali binafsi zikatangaza kusitisha huduma. Hata sisi Machi 2024 tuliona baadhi ya hospitali binafsi zikikataa kadi za NHIF yetu kwa sababu ya mvutano wa kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipia. Bima inayochelewa kulipa inamkopa mwenye kituo, na mwenye kituo anamkopa mgonjwa kwa kumnyima dawa.

Na kuna pigo la Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla. Nilisikitika kuona washauri nasaha na waingiza takwimu wa kliniki za VVU wakiambiwa wasije kazini kesho. Walikuwa wanafanya kazi ya Serikali kila siku, lakini hawakuwa kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi, ya halmashauri. Tulijua fedha zile ni za mradi, tukaishi kana kwamba ni za kudumu. Tangu mwaka 2001 nchi za Afrika ziliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ni chache zilizofika. Wakati tunaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, mpango uliozinduliwa Januari 2024, swali la kwanza liwe posho yao ya mwaka wa sita itatoka wapi, mradi utakapokuwa umefungwa.

Sasa naomba mambo machache kwenu mliomo humu ndani.

Waganga wafawidhi, bandikeni ukutani, kwenye ubao ambao mgonjwa anauona, kiasi kilichoingia robo hii, kilichotumika, na dawa zilizokosekana kwa siku ngapi. Kwa Kiswahili cha kawaida. Mtapata maswali makali wiki ya kwanza, kisha mtapata watetezi.

Wenyeviti wa kamati, msitie saini muhtasari ambao hamkuusikia ukisomwa. Ulizeni dawa ya malaria, dawa ya kuzuia damu kwa wazazi, na chanjo. Zilikuwepo mwezi mzima? Kama hazikuwepo, nani aliagiza, lini, na Bohari ilijibu nini? Maswali hayo hayahitaji shahada.

Maofisa wenzangu wa halmashauri, kituo kinapokosea hesabu tumpeleke mhasibu akakae nacho siku mbili. Tusitumie kosa la zahanati moja kuwa sababu ya kurudisha fedha zote mezani kwetu. Kishawishi hicho kipo, na kila mwaka wa bajeti kinarudi na jina jipya.

Na kwa wale watakaosimamia bima ya wote: wekeni wazi kituo kitalipwa ndani ya siku ngapi baada ya madai kukamilika, na muda ukipita nani anawajibika, kwa cheo chake. Mwananchi anayechelewa kulipa mchango anapoteza huduma. Mfuko unaochelewa kulipa zahanati nao upoteze kitu.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Kwenye maswali naomba wenyeviti wa kamati waanze, sisi maofisa tufuate. Ahsanteni kwa kunisikiliza.